Mwanao Amenunua Hewa

Ghati, mke mwenzangu,

Mwanao amenunua hewa. Ndiyo, umesikia vizuri huko uliko. Marwa, uliyemnyonyesha chini ya ghala la mtama mbuzi wakikukanyaga miguu, ameleta watu kutoka mjini wamwekee hewa ndani ya nyumba. Na mimi nimo humo humo, naivuta pamoja na watu wa nyumba yake.

Naandika kwa mkono wangu. Shule sijawahi kuona hata mlango wake, unajua. Herufi ulinifundisha wewe kwenye kitabu cha nyimbo, benchi la nyuma kanisani, ukinifinya paja kila nilipopotea mstari. Ukikuta makosa humu, ni ya mwalimu.

Tangu tukuzike, mambo yamegeuka. Boma la Kisaka nimeliacha mikononi mwa shemeji. Marwa alikataa nibaki kule peke yangu, akanileta hapa Nyangoto kwenye nyumba yake mpya. Sakafu ya vigae inateleza kama kambale. Madirisha vioo na alumini, dari nyeupe. Nyumba nzuri ya kupigia picha. Lakini imekaa kando ya barabara ya malori ya mawe, na nyuma yake kuna makarasha yanasaga mawe ya dhahabu kutwa nzima. Nani anajenga pale? Ni mtu aliyenunua kiwanja kwa macho, pua kaiacha nyumbani. Pangusa meza asubuhi, saa sita unaweza kuandika jina lako juu yake.

Binti wa mwisho wa Marwa hukumwona, alizaliwa baada yako, na ndiye aliyepewa jina lako. Kwa hiyo namwita mke mwenzangu. Naye, miaka saba tu, anasimama mikono kiunoni: "Mke mwenzangu, leo umenipikia nini?" Mdomo ni wako kabisa. Na kifua ni chako pia. Ana pumu.

Ghati, mimi ndiye niliyekuegemeza ukutani siku zako za mwisho. Ulikuwa unaivuta hewa kama mtu anayeteka maji kwenye kisima kilichokauka, ndoo inarudi tupu, unaitupa tena. Nilipoisikia filimbi ile ile kwenye kifua cha mtoto, niliacha chakula. Nikasema hapana. Mara ya pili sitakaa natazama.

Daktari alisema mtoto aepushwe na vumbi na moshi. Mtu mwenye akili angeondoka barabarani. Mwanao akaenda kutafuta mashine.

Akaja muuzaji, kijana wa viatu vilivyochongoka kama mdomo wa korongo. Akaeleza kwamba mashine inakaa juu ya dari, mabomba ya bati yanakwenda kila chumba, inavuta hewa chafu, inaichuja, inairudisha ikiwa safi. Nikamuuliza, "Mura, kijana wangu, na hilo vumbi linaingilia wapi?" Akacheka. "Bibi, hii ni teknolojia." Sikuuliza jina la mashine! Hakuinama kuangalia chini ya mlango. Hakuhesabu vyumba. Hakuuliza tunapikia nini. Hata anayekuuzia ng'ombe mnadani anakuacha uangalie meno.

Alikuwa na mashine za aina mbili. Ya kwanza aliiwasha pale mezani, ikatoa harufu kama mahali palipopigwa na radi. Eti hiyo ndiyo harufu ya usafi. Mtoto akaanza kukohoa. Nikamwambia hewa safi haina harufu, atoe takataka yake. Na baadaye nimeambiwa na anayejua kwamba harufu ile inakwangua kifua, kwa hiyo hapo bibi asiye na shule aliwashinda muuzaji na Marwa wote wawili. Ya pili ilikuwa na chujio, na ndani ya chujio, mkaa. Nilicheka hadi nikakaa chini. Moshi wa kuni na mkaa ndio uliokumaliza wewe, leo wanatuuzia mkaa wa kuondoa moshi! Nimeambiwa pia kwamba ni kweli, mkaa ule unakula harufu. Sawa. Nilicheka bure, lakini nilicheka vizuri.

Marwa akaichukua hiyo. Na nitasema haki, wiki za mwanzo mtoto alikimbia uani kama ndama. Mimi ndiye niliyegombana nayo. Siku moja nafukiza kibuyu changu jikoni, kijinga kimoja tu cha moto, kama tulivyofukiza wewe na mimi maisha yetu yote ili maziwa yanukie. Mashine ikaanza kunguruma kama dume la ng'ombe lililosikia simba. Taa nyekundu. Robi, mke wa Marwa, akaja mbio akidhani nyumba inaungua. Mashine nzima, mabomba kama utumbo, inaogopa kibuyu! Nikahamia nyuma ya bafu na moto wangu, nikinuna.

Sasa nakuja kwenye lile lililonikalisha niandike.

Taa nyingine ikawaka nyekundu, ile ya chujio. Muuzaji tukampigia, simu imezimwa. Mlango wa chujio uko ukutani kwenye korido, kimo cha kifua changu. Nikaufungua. Mbele kuna wavu, nyuma yake kuna kitu cheupe kilichokunjwakunjwa kama marinda ya sketi, kimejaa vumbi jekundu. Robi akaniambia kwa upole, "Mama, nadhani hili halifuliwi, linabadilishwa." Nikamjibu, "Wewe uliyeolewa juzi utanifundisha kufua?"

Maana kwetu nani anatupa kitu kwa sababu kimechafuka? Tulifua magunia. Tulifua mifuko ya nailoni. Wewe uliwahi kufua bandeji ya mguu wa mzee ukaitumia tena, na mguu ukapona. Basi nikalitia kwenye beseni na sabuni ya unga, nikalipigapiga, nikalianika juu ya ua wa minyaa. Likawa jeupe kama yangeyange. Nikalirudisha, nikabonyeza kitufe kama yule wa viatu alivyotuonyesha. Taa ikawa ya kijani. Nilisimama pale nikajisifu peke yangu. Wasomi wanatupa, mimi nafua.

Ile taa haioni vumbi, Ghati. Inahesabu siku tu. Ukibonyeza, inaanza kuhesabu upya, hata ungeweka kandambili mle ndani.

Siku ya nne nyumba ilinuka gunia bichi. Siku ya sita mtoto alirudi kutoka shule, akakaa kwenye ngazi, hata begi hakuvua. Akaniangalia. Akasema, "Mke..." akasimama, akavuta. "Mke..." Hakufika kwenye "mwenzangu". Tulimpa ile pampu yake ya pumu, haikutosha. Midomo ikawa rangi ya majivu. Kwenye gari la Marwa nilimpakata nyuma, nikawa namvutia hewa mimi, kana kwamba nikivuta sana ya kwangu itamfikia.

Alilazwa siku mbili. Amerudi, anakula, tulia.

Marwa akaleta fundi mwingine, binti wa Kisukuma anaitwa Kabula, aliyefuata kazi za mafriji huku kwenye dhahabu. Ovaroli ina mafuta, kucha nyeusi. Alinipa shikamoo, kisha akalala kifudifudi kwenye vigae na kumulika chini ya milango. Hapo hapo nikampenda. Alihesabu vyumba, akauliza tunapikia nini, umeme unakatika mara ngapi. Mwisho akavuta lile chujio. Mikunjo imeachana, vumbi linapita kama mbuzi kwenye ua uliobomoka, na ndani kumeota ukungu, maana nililirudisha limekauka juu tu. Akauliza, "Nani amelifua hili?"

Robi akasema, "Ni mimi."

Macho chini. Marwa akamfungulia mdomo mbele ya mgeni: unataka kuniulia mtoto, huna akili, na mengine ambayo wewe usingemruhusu. Na mimi, Bhoke, mwenye mdomo kwa kila mtu, nilinyamaza. Nilinyamaza kuanzia mchana hadi ng'ombe wanakamuliwa. Nimemdharau muuzaji, nimeidharau mashine, nimemdharau mwanao na kiwanja chake. Lakini bibi mzima anayejificha nyuma ya mkwe wake, huyo sijawahi kumwona mtu wa hovyo kama yeye.

Jioni tukala kuku. Nikasema, "Marwa, mwache mkeo. Nililifua mimi. Alinikataza nikamtukana." Nikanyoosha mkono, nikaitoa firigisi kwenye sahani ya Marwa, nikaiweka kwenye sahani ya Robi. Unajua firigisi ni ya nani kwetu. Marwa akaitazama ikienda. Robi akaila analia, na mtoto akauliza kama firigisi ina pilipili.

Kabula ametuambia mashine ilikuwa ndogo, ya nyumba ya vyumba vitatu, sisi tuna saba. Ameongeza feni, amebana milango kwa mipira chini. Wavu wa mbele unaoshwa kila wiki, huo ruhusa. Chujio la ndani ni la kubadilisha tu, na tusingoje taa, tulitazame kwa macho, kwa sababu waliotengeneza taa ile hawajui vumbi la hapa. Alfajiri, kabla malori hayajaanza, tufungue madirisha yote. Umeme ukikatika tufungue ya upande wa shamba, vinginevyo nyumba iliyobanwa inageuka chungu chenye mfuniko. Haya yote yule wa viatu hakuyasema, mshenzi yule.

Kazi hiyo nimeichukua mimi. Kila Jumamosi natoa wavu, naosha, nakausha kivulini mbali na barabara, namulika chujio la ndani kwa tochi. Na Marwa simwachi apumzike. Kila siku namwambia nyumba unaweza kuihama, kifua cha mtoto hakihamiki. Ameanza kuulizia kiwanja upande wa mashamba. Safari hii nakwenda naye, na pua yangu.

Nisamehe kwa ile wiki. Kwa mengine hapana, mengine tulishapigana yakaisha.

Pumzika, mke mwenzangu. Siku yangu ikifika nitakuja, unipishe kwenye mkeka. Lakini nitakuja peke yangu, Ghati. Huyu mdogo simleti.

Bhoke