Maduka kwenye Ukurasa wa Ndoto

Kibokoni, 12 Januari 2025

Kwa mwanangu Bayan,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Sharja. Sisi huku hatujambo. Ni goti langu tu linalonung'unika kila nionapo ngazi.

Nakuandikia kwa jambo la ule ukurasa ulionitengenezea, wa ndoto za mtaa wetu. Jana niliufungua niandike ndoto ya Mirriam, mpangaji wetu afanyaye kazi reli, aliyeota gari la moshi likipita juu ya maji bila kelele, na abiria wote wameweka mikono nje wakiyagusa. Kabla sijaandika neno, nikakuta barua ya kampuni ya matangazo. Wanasema akaunti yetu imefungwa kwa sababu matangazo yamebofywa isivyo halali.

Mimi sijabofya kitu. Nieleze taratibu, kama nilivyokuwa nikikufundisha hesabu.

Ami yako,
Yeslam

Sharja, 14 Januari 2025

Kwa Ami wangu mpenzi uliyenilea,

Waalaykum salaam warahmatullah. Mimi mzima, alhamdulillah. Pole kwa goti. Mwambie mama akukande kwa mafuta ya simsim.

Ami, mambo yako hivi. Wenye biashara hulipa ili matangazo yao yaonekane kwenye kurasa za watu. Msomaji akivutiwa akabofya, mwenye ukurasa hupata kidogo. Kidogo hicho ndicho kilichokuwa kikilipa ada ya ukurasa wako, ndiyo maana hujawahi kusumbuliwa. Sasa mtambo wao umeona simu moja, hapo hapo Mombasa, inayobofya matangazo yote kila asubuhi, moja baada ya jingine, na mwenyewe hanunui chochote. Wanadhani ni wewe, au mtu uliyemtuma.

Tunaruhusiwa kukata rufaa mara moja tu, kabla ya katikati ya Februari. Wanataka kujua ni nani, na tumefanya nini kumzuia. Wakikataa, ukurasa utafungwa ada ikifika. Ningelipa mimi, lakini jibu lako nalijua.

Kama humjui mtu huyo, tuandike tu kwamba hajulikani.

Mwanao,
Bayan

Kibokoni, 20 Januari 2025

Mwanangu Bayan,

Salaam nyingi, na dua zaidi ya salaam. Mama yako Intisar amenikanda goti; sasa nanukia kama mkate wa ufuta.

Namjua. Ni Fuad, rafiki yangu wa nyumba ya mkabala. Wewe uliondoka kabla hajapatwa na kiharusi, basi nikueleze. Ngazi za nyumba yake ni nyembamba na zimesimama wima, na tangu augue hajashuka. Mkono mmoja unamtii. Lakini akilala, hutembea. Ndoto zake ndizo nzuri kuliko zote katika ukurasa wetu. Mara moja aliota amekwenda Ganjoni bila viatu, na kila dirisha la magorofa lilikuwa wazi na mtu akimwita kwa jina la utotoni. Akafika Liwatoni, akawakuta wavuvi wanapima mwangaza kwenye mizani na kuufunga kwa gazeti. Wakamkatia kipande. Akarudi nacho kifuani, kikimwagika njia nzima, na paka wakimfuata wakiramba.

Kila asubuhi huusoma ukurasa kwa simu. Sasa kumbuka desturi yetu: jirani akifungua duka, huingii ukatoka mikono mitupu. Kama huna haja, utanunua hata kibiriti, ili umtilie baraka. Fuad matangazo huyaita maduka. Aliwahi kuniambia, "Leo nimepita madukani kwako yote. Kuna wauza mahema, kuna wauza meno." Nikacheka, nikadhani anayatazama tu.

Siwezi kuandika kwamba hajulikani. Mimi hata kikohozi chake nakijua. Wala siwezi kuandika kwamba nimemzuia kabla sijamwambia. Na nikimwambia, nitakuwa namwambia kwamba matembezi yake pekee ya siku yamenidhuru. Nikinyamaza, ukurasa utafungwa, naye hatakuwa na pa kwenda. Nimepanda kwake zaidi ya mara moja nimwambie. Tunazungumza habari za bei ya papa, kisha nashuka.

Nipe muda.

Ami yako,
Yeslam

Sharja, 6 Februari 2025

Kwa Ami wangu,

Salaam alaykum. Ni matumaini yangu kwamba kimya chako si cha ugonjwa. Mama ananiambia unakula vizuri ila umekuwa mkali kwa redio.

Muda wa rufaa unakaribia kwisha. Rasimu ninayo, nafasi ya jina nimeiacha wazi. Sitakuhimiza zaidi ya hapo.

Mwanao,
Bayan

Kibokoni, 23 Februari 2025

Mwanangu Bayan,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Nisamehe kimya. Sote hatujambo.

Aliyeanza ni Fuad mwenyewe. "Yeslam, maduka yako yamehamia wapi? Ukurasa umebaki mweupe kama shuka." Nikamweleza yote, taratibu, na nilipomaliza akageukia dirisha. Siku zilizofuata nikipanda naambiwa amelala.

Alhamisi ya tarehe 13, baada ya Alasiri, nilikuwa barazani nikasikia vishindo kwenye ngazi zake. Nikaona kiti cha plastiki kinatoka mlangoni, kimeshikwa mbele na Kitsao muuza maji, nyuma na Crispus wa bandarini. Juu yake Fuad, amevaa kanzu iliyopigwa pasi.

"Polepole," anasema. "Mimi si gunia la saruji."

"Gunia halisemi sana, mzee," Crispus akamjibu.

Wakamtua kando yangu. Akatweta kidogo, akaniambia, "Fungua hiyo kompyuta. Andika kwamba ni mimi. Nataka uandike nikiwa nakutazama, wasije wakasema umenisingizia."

Sikungoja rasimu yako; nikaandika kwa Kiingereza kama alivyotamka: jina lake kamili, maradhi yake, na kwamba kwetu mtu hatoki dukani kwa jirani mikono mitupu, wala hakujua kwamba kwao hilo ni kosa, na hatorudia tena. Nikaituma.

Hatujamaliza kahawa, jibu likaja. Wamekataa, na uamuzi ni wa mwisho. Fuad akanitaka nimsomee tena.

"Wamejibu upesi," akasema. "Hawana watu wa kuzungumza nao, masikini."

Kisha akaniuliza ada atalipa nani. Nikamwambia ulivyosema wewe, na kwamba mimi hukataa. Akanijibu, "Mtoto akikuletea sahani ya mahamri utamrudisha nayo?" Basi nimekubali, mwanangu. Lipa, na Mungu akuzidishie.

Tangu siku hiyo anashushwa kila alasiri. Wapita njia wanasimama kumsalimia, wengine walidhani amekwisha fariki, naye huwauliza mazishi yalikuwaje. Jua limeanza kumkolea usoni. Ila ndoto zimekatika. Mwanzoni nilidhani ananificha. Jana nimefungua ukurasa, hauna duka hata moja, nikamuuliza tena mbele ya watu, "Haya, shehe, usiku ulikwenda wapi?"

Akafikiri sana.

"Sikwenda popote," akasema. "Nililala."

Nikaiandika hivyo hivyo, chini ya jina lake.

Ami yako akupendaye,
Yeslam