Saladi Nyekundu ya Mama Mukwe

Mpendwa Maman Patricie, mshauri wetu wa redio, nakuandikia nikiwa nimejifungia ndani ya atelie yangu na mlango nimeuegemezea friji bovu, bibi yangu Umuhoza asije akaona ninachoandika, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi ya umuganda, ile ya kazi za pamoja za kijiji, na tafadhali usitaje jina langu, sema tu ni msikilizaji wa Nkungu, hata kama mimi niko wa Kamembe, kwa sababu mama mukwe wangu anakusikiliza kila Alhamisi kule Rwimbogo, hakosi.

Mimi ni fundi wa friji. Nilikulia Bukavu, na tangu nimuoe Umuhoza, mama yake, Maman Mukarugwiza, ananiona muntu wa mikono laini, maana siku ya kwanza nilipofika kwake alinipa jembe nikalishika kama bisibisi, akacheka mpaka akakaa chini. Iliniuma, sitakuficha. Basi mwaka huu nikaona kwenye simu namna watu wanafuga samaki na kukuza mboga juu yao bila udongo, nikasema hii ndiyo kazi yangu, hii haitaki jembe, inataka pampu. Nikachukua friza kubwa yenye mlango wa juu, ilikuwa imekufa na mwenyewe hakurudi kuitafuta, nikaijaza maji nikatia tilapia ishirini, juu yake nikapanga mabidoni, yale madumu ya plastiki, niliyoyakata katikati nikayajaza kokoto, pampu inapandisha maji yenye mavi ya samaki, mboga zinakula hayo mavi, maji yanashuka yakiwa safi. Na inafanya kazi! Umuhoza mwenyewe alipiga makofi.

Kilichoniponza ni mdomo. Nilijisifu kwa mama mukwe kwamba kwangu mvua haibebi kitu, na wewe unajua mvua ya mwaka huu, ilikuwa imebeba bustani yake yote ya saladi, na ile si saladi ya kawaida, ni nyekundu, mbegu alipewa na masista aliokuwa akiwapikia akiwa musichana, na tangu hapo kila mwaka anaziacha zitoe maua, anakusanya mbegu, anapanda tena, sokoni hauzioni. Akaja na kifundo cha kitambaa, ndani mbegu kidogo tu, akaniwekea kwenye kiganja kwa mikono miwili, akasema, "Mukwe wangu, hizi ndizo zimebaki. Unikuzie, zikitoa maua nitachukua mbegu." Kwa mikono miwili, Maman Patricie! Mimi huyu huyu ambaye alinicheka kwa jembe!

Nikazipanda zote siku ile ile. Kwenye simu walisema uziweke kwanza juu ya sponji yenye maji, mahali penye mwanga, mpaka zitoe majani, lakini nikaona hayo ni mambo ya batoto ba shule, mbegu ni mbegu, nikazishindilia ndani ya kokoto, vidole viwili kwenda chini, vile nilivyomuona mama mukwe mwenyewe akipanda maharage. Wiki ya kwanza, hakuna. Wiki ya pili, hakuna. Wiki ya tatu akapiga simu kwamba anakuja. Nikazimwaga zile kokoto zote nyuma ya choo, nikatia mpya, nikakimbia sokoni nikanunua saladi zenye mizizi yake, nikazisugua udongo kwa mswaki wa Umuhoza, Mungu anisamehe, nikazichomeka.

Alipofika akatazama weee. "Mbona za kijani?" Nikasema, "Maman, mavi ya samaki yanatoa rangi." Akavuta moja, na kwenye shina akakuta kakamba ka mugomba, kale kenye bamama ba sokoni banafungia mafungu. "Na haka?" Nikasema ni kamukanda ka kuisimamisha isianguke. Akakafungua polepole, akakafunga kwenye kona ya kitenge chake, akasema, "Sawa, mukwe wangu," akaomba chai.

Mimi nikajua nimepona, kumbe wapi! Sasa amepiga simu tena, Jumamosi wakimaliza umuganda kwao anakuja na bamama nane ba ushirika wake, baone saladi yenye kupoteza rangi. Jana nilijaribu kuzipaka maji ya betarave, kile kiazi chekundu, friza nzima ikawa nyekundu, Umuhoza akapiga yowe akidhani samaki wanatoka damu, nikamwambia ni dawa ya minyoo. Maman Patricie, mpaka sasa naongopa juu ya samaki, na lile jembe la zamani naona litakuwa kicheko kidogo kabisa, maana kama yule mama akijua nimemumalizia mbegu zake, sijui nitamtazama kwa macho gani mpaka nife.

Nishauri, niseme samaki walizila? Niende Bukavu kutengeneza friji ambalo halipo? Au niendelee na betarave? Furaha yenyewe sina siku hizi, isipokuwa sungura wa jirani yangu Vénuste, anaitwa Shefu, kila asubuhi namng'olea vigugu vyekundu vilivyojiotea nyuma ya choo juu ya zile kokoto nilizomwaga, anavipenda mpaka anaacha majani mengine yote, na ndiye peke yake ambaye haniulizi kitu.

Ni mimi, msikilizaji wa Nkungu.

*

Maman Patricie anajibu:

Wewe wa Nkungu, simama. Kimbia nyuma ya choo sasa hivi, using'oe hata jani moja, na kama Shefu yuko nje, mwambie Vénuste amfungie. Nenda! Nakungoja hapa hapa.

Umerudi? Miche imebaki mingapi? Basi rudi uihesabu vizuri, maana hivyo si vigugu, ndugu yangu. Magugu gani yanaota mekundu juu ya kokoto ulizozijaza wewe mwenyewe mbegu za saladi nyekundu? Ile mbegu ni ndogo, inataka kuona mwanga ndipo iamke. Wewe uliifukia kama haragwe, ikalala. Ulipozimwaga kokoto, za chini zikaja juu, mvua ikanyesha, mbegu zilizokuwa bado nzima zikaamka. Na kila asubuhi unanawa uso, unatoka, unakwenda kumlisha sungura mbegu za masista! Ee Mungu wangu.

Nimecheka, siwezi kukataa, na fundi mitambo wetu hapa ameweka kichwa juu ya meza mpaka sasa. Lakini nimekasirika pia. Pole kwa lile jembe, kuchekwa ukweni mbele ya bibi yako kunauma, hakuna wa kukuambia ni jambo dogo. Ila nikuulize: muntu anayekudharau anakupa mbegu yake ya mwisho? Kwa mikono miwili? Yule mama alishakukubali siku ile, wewe ukiwa unahangaika namna ya kumfanya akukubali. Kama ungemwambia "Maman, hazikuota," angekuja, angechimbua zile kokoto kwa kidole, na jambo lingeisha kabla ya chai.

Sasa nisikilize. Kila mche uunyanyue kwa kijiko, pamoja na vijiwe vyake, usiuvute kwa majani. Uweke juu ya ile sponji uliyoidharau, iwe na maji, kwenye mwanga lakini si jua la saa sita. Ukifikisha majani manne upeleke kwenye bidoni. Saladi za sokoni mzile leo, zile zenye betarave uzioshe kwanza. Friza upunguze maji kidogo kidogo na kuongeza mengine, usibadilishe yote kwa siku moja, hao samaki wamepata shida ya kutosha. Na Umuhoza umnunulie mswaki mpya leo leo, umwambie ni kwa nini. Mimi hapo sitakuwepo, utajua mwenyewe.

Kuhusu jina lako, sikulitaja. Nimesema Nkungu kama ulivyoomba. Lakini barua nimeisoma vile ulivyoiandika, na umeandika jina la bibi yako, la mama yake, la jirani, hata la sungura, na katika Kamembe nzima mimi sijui fundi wa friji mwingine mwenye tilapia ndani ya friza. Halafu kati ya vipindi vyote umechagua hiki, cha Alhamisi, ambacho unasema mwenyewe mama mukwe hakosi. Mimi nafikiri ulitaka asikie, ila ulikosa pa kuanzia. Haya, amesikia. Usingoje Jumamosi. Kesho asubuhi nenda Rwimbogo na mche mmoja ndani ya kopo, umpe kwa mikono miwili kama alivyokupa. Usianze na mvua wala samaki. Sema, "Maman, nilikosea kupanda, nikaona haya, nikakuongopea. Hizi ndizo zimebaki." Kisha ufunge mdomo. Akicheka, acha acheke mpaka akae chini, na wewe ukae karibu naye.

Na wewe Maman Mukarugwiza, nakusalimu popote ulipo na redio yako. Kamba ya sokoni uliijua tangu ulipoiona, wala usinibishie. Bamama nane walete tu Jumamosi, lakini waje kumfundisha huyu mukwe wako kupanda, mjinga lakini ni wako. Halafu, mama, wewe unajua kuliko sisi kwamba saladi ikianza kutoa maua inarefuka, upepo kidogo tu inalala chini. Basi ifungue ile kamba kwenye kona ya kitenge, umrudishie. Safari hii atakuwa na saladi ya kweli ya kuisimamisha.