Pamba na Koleo

Kwako Dada Koleo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji na wote walio chini ya paa lenu. Magoti ya shemeji yanaendeleaje? Na mjukuu, ameacha kumwita kila mwanamume babu, au bado ananizeesha? Mimi huku sijambo, na neno hilo nimelipima kwanza kabla ya kuliandika.

Barua hii imekuja na kifurushi. Nakujua, umeshakitikisa. Naomba usikifungue mpaka umalize kusoma. Naomba pia usome peke yako, umekaa, cherehani imenyamaza na jiko limezimwa. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumba yenu ni redio ya mtaa: ikilia tu unaiweka spika, na salamu zangu zinafika kwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara kabla hazijamfikia mumeo. Tena nina ombi linalokuhusu wewe, na kwenye simu ungenikatiza kabla sijalifikia. Karatasi haikatizwi.

Kwanza nikushukuru. Nilipokuja kwenu mara ya mwisho ulinisema kutwa nzima kwamba nimekuwa kiziwi. Ulisema naongea kama dalali wa mnada, na kwamba kila ukiniita nakugeuzia sikio la kulia kama kuku anayeitazama punje. Nikajitetea kuwa kazi ya kuandika habari za mahakamani ndiyo iliyonizoesha kutega sikio. Ukasema shahidi huyo muongo, ashushwe kizimbani. Ungeishia hapo, leo nisingekuwa na la kukuandikia. Lakini hukuishia hapo. Ulinitaka niende kwa daktari, na kila simu, kabla hata sijakuamkia, "Umekwenda?" Mwishowe nilikwenda, si kwa kuliogopa sikio, bali kwa kukuogopa wewe.

Ni zahanati ya kawaida, ukuta umepakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kiuno, juu yake chokaa. Chumba cha mwisho kuna daktari mmoja anayeangalia ngozi, macho na masikio. Tulipanga foleni kwenye benchi mlangoni mwake, na pazia la mlango lilikuwa fupi, kwa hiyo benchi zima tulisikia na nusu yetu tuliona. Pembeni yangu alikaa fundi magari, jicho moja jekundu kama pilipili, analipangusa kwa kitambaa kilekile alichofutia mikono. Nilimuuliza daktari huyu yukoje. Akaniambia nijiandae, humo ndani ni kama gereji ya kweli: unapeleka taa, anakagua hadi breki.

Daktari mwenyewe ni mama wa makamo, mikono ya koti ameikunja hadi kwenye viwiko, kucha fupi. Kiti cha mgonjwa amekiweka dirishani, mwanga wa jua uingie moja kwa moja. Mtu akikaa, anamtazama kwanza, kisha ndipo anauliza, na maswali yake nilitamani niwe nayo tangu nilipoanza kazi hii. Ilianza lini? Ilianzia wapi? Inawasha au inauma? Zaidi usiku au mchana? Umepaka nini, na nani alikwambia upake? Kabla yangu aliingia mama na mtoto anayejikuna katikati ya vidole. Daktari akamuuliza nani mwingine nyumbani anajikuna. Mama akaapa ni huyu mmoja tu, huku kucha zake zinafanya kazi kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe. Daktari akampa dawa ya upele ya kutosha nyumba nzima, akamwambia ukimtibu mmoja umewahamishia wadudu chumba cha pili tu. Benchi lilicheka. Yule mama naye akacheka, anajikuna.

Fundi alipoingia alipewa dawa ya matone, na kile kitambaa kikatupwa kwenye ndoo mbele ya macho yake, yote mawili. Kisha ikawa zamu yangu.

Alianza na sikio la kulia, lile zima. Nikamwambia bovu ni la kushoto. Akajibu kuwa hawezi kulijua bovu bila kuliona zima. Alipofika la kushoto akalivuta nyuma na juu, akamulika, akasema ni nta. Nta tu, imekauka na kuziba njia. Nakiri nilisikitika kidogo. Mtu hutaka ugonjwa unaolingana na nauli yake. Akaingiza maji ya uvuguvugu kwa bomba, kikatoka kitu cha rangi ya chai ya rangi, na papo hapo nikaisikia saa ya ukutani. Nikasikia kola ya shati langu ikisuguana na shingo. Nikasikia benchi nje linanijadili.

Nilinyanyuka niende. Hakuniachia kichwa. Kidole chake kilikuwa bado chini ya sikio, kinapanda na kushuka shingoni. Akageuza uso wangu upande wa pili, akatazama, akapapasa na shingo ya kulia kulinganisha. Akauliza kamba hii ina muda gani. Nikamwambia hiyo ni shingo, nimekuja nayo. Hakucheka. Akaniambia nifumbe macho kwa nguvu kama mtu aliyeingiwa na sabuni, akajaribu kuyafumbua kwa kidole gumba. Yakagoma, akaridhika. Akanishika nyuma ya kiwiko, akapapasa tena. Kisha akaniomba nivue shati na kukaa mgongo ukielekea dirishani.

Unalikumbuka baka langu la begani, la ukubwa wa kiganja, limefifia kuliko ngozi nyingine. Ulilishonea shati la mikono mirefu bila mimi kukuomba. Muuza dawa aliniambia ni mba, nami nimelipaka kila aina ya mafuta yanayouzwa kwa jina hilo. Daktari akauliza kama linawasha. Nikasema halijawahi, wala haliumi, ni baka lenye adabu zake. Akasema angefurahi zaidi kama lingewasha.

Alichukua pamba kidogo, akaisokota ncha ikawa nyembamba. Akanionyesha kwanza nikiwa natazama: akinigusa, niweke kidole pale aliponigusa. Kisha akaniambia nifumbe macho. Na hapa, dada, nilifanya jambo la kipuuzi. Sikio lilikuwa jipya, nasikia kila kitu: kiti chake kikilia, mkono wa koti ukisugua, pumzi yake ikisogea kulia au kushoto. Nikaanza kuonyesha kwa kufuata sauti. Hapa. Hapa. Na hapa. Nilijiona mjanja kweli, kama tulivyokuwa tukicheza kufungana kitambaa machoni wewe na mimi, na nilivyokuwa nikikupata kwa kusikiliza bangili zako. Mara akasema, kwa upole mbaya sana, "Ndugu mwandishi, hapo sikukugusa wewe. Niligusa kiti."

Wewe unajua jinsi ninavyowacheka mashahidi wanaojibu swali ambalo halijaulizwa. Nimewaandika vichwa vya habari. Basi siku hiyo wakili alikuwa mwenye pamba, na aliyekamatwa ni mimi.

Tukaanza upya. Safari hii alinyamaza kama ukuta. Akanigusa mgongoni, nikaonyesha; shingoni, nikaonyesha; mkononi, nikaonyesha, yote sawa. Kisha pakawa kimya. Nikangoja. Nikangoja mpaka nikadhani ametoka kumwita mtu, nikafumbua macho na kugeuza shingo. Alikuwa palepale. Pamba ilikuwa juu ya baka, anaipitisha huku na huku taratibu. Niliiona ikipita. Sikuisikia.

Akaniambia ni ukoma.

Alilitaja kwa sauti ileile aliyotajia nta. Nilimwomba arudie, na tatizo halikuwa sikio. Akarudia, kisha akanipa mkono, akaushika muda wa kutosha niuone ukiwa umeshikwa. Alieleza kwamba ni vijidudu tu. Vinashambulia ngozi na mishipa ya fahamu, na ile kamba ya shingoni ni mshipa wa fahamu uliovimba. Alitoboa kidogo ndewe ya sikio, akachukua ute wa kupima, na majibu yalipotoka yalimuunga mkono. Dawa ipo, ni ya bure, unameza kwa miezi mingi bila kuruka, na ukishaanza kumeza muda si mrefu humwambukizi mtu. Alinionya kuwa mkojo utakuwa mwekundu nikimeza ile dawa kubwa na kwamba ngozi inaweza kuwa nyeusi zaidi. Nikamwambia weusi hauna shida, watu wa kwetu tutauhesabu kuwa sifa. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza.

Nimeshaanza. Vidole vyangu vyote vinasikia, vya mikono na vya miguu. Daktari anasema ningekaa na baka lile zaidi, huenda hadithi ingekuwa nyingine, na anasema aliyenisukuma nije nimshukuru. Ndiyo maana nilianza na shukrani. Mhariri wangu nilimweleza mlango ukiwa umefungwa. Akaniangalia, akauliza kama kesho nitakuwepo mahakamani. Nikasema nitakuwepo. Akasema basi habari iletwe mapema, asisikie visingizio vya mgonjwa. Sijawahi kumpenda mtu yule kama siku ile.

Sasa ombi langu. Lilitoka kwenye swali la mwisho la daktari, lilelile alilomuuliza mama wa mtoto wa upele: nyumbani kuna nani mwingine? Nikasema naishi peke yangu, lakini nimelelewa na dada, tumelala chumba kimoja miaka yote ya ukuaji, na mpaka leo kwake ndiyo kwetu. Akauliza dada huyo mzima? Nikasema mzima kupita kiasi. Nikamsimulia. Nikamweleza unavyoepua sufuria motoni kwa mikono mitupu, unaibeba bila haraka mpaka mezani, na shemeji anavyosema amepoteza hela kununua koleo wakati ameoa moja, na jina likakukaa. Nikamsimulia sindano ya cherehani ilivyopita kwenye kidole chako ukaendelea na mshono mpaka damu ikafika kwenye kola ya mteja, na kilichokuuma wewe ni kola. Nilisimulia vizuri. Hadithi hiyo nimeisimulia kila mahali, na kila mahali watu hucheka.

Daktari hakucheka. Akauliza ni mkono upi. Akauliza kidole chako cha mwisho kinanyooka. Nikajibu kuwa kimepinda, unasema ni baridi yabisi, na kwamba siku hizi uzi kwenye tundu la sindano anakutungia shemeji. Nilipomaliza kujibu, ndipo nikakisikia nilichosema.

Dada, tulikuwa wote mezani. Tulipiga makofi. Kwa miaka tumekusifu kwa jambo ambalo lilipaswa kututoa jasho.

Sitaki kukutisha, na daktari alinikataza kukuandikia ugonjwa. Alisema hampimi mtu kwa hadithi ya kaka yake. Inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa kitu kingine kabisa, hawezi kusema mpaka akuone dirishani. Alisema pia jambo ambalo sitakuficha, kwa sababu wewe hukuwahi kunificha: kilichokwishapotea kwenye vidole huenda kisirudi chote. Lakini kilichobaki kinaweza kulindwa, kuanzia siku utakayokaa kwenye kile kiti. Mikono hiyo ndiyo iliyonishonea sare za shule. Ndiyo inayolisha nyumba nzima. Naitaka yote iliyobaki.

Fungua kifurushi sasa. Ile pamba ni ya shemeji. Aisokote kama nilivyoeleza, wewe ufumbe macho, akuguse vidoleni kidogokidogo. Usibahatishe. Nakujua, tumezaliwa tumbo moja, utaanza kusikiliza kiti. Na bangili uzivue. Hicho kingine chenye mpini mrefu ni koleo la kuepulia sufuria. Kuanzia jioni ya leo lisiguswe lolote la moto bila hilo. Jina la Koleo libaki lako, hakuna anayekunyang'anya. Ila kazi yake tumemwajiri mwingine.

Jumamosi asubuhi nitakuwa mlangoni kwenu kukuchukua, wewe na shemeji na watoto wote, mjukuu na yeye. Daktari anataka kuwaona nyote. Ukijificha, nitapiga simu kila siku, uiweke spika kama kawaida yako, na mtaa mzima utanisikia nikiuliza: "Umekwenda?"

Msalimie shemeji, mwambie utani wa koleo nimeusamehe kwa kuwa nami nilikuwa nacheka. Mjukuu mbusu, na mimi nitakuja kumbusu mwenyewe, daktari ameruhusu. Fundi viatu mpe salamu kwa mdomo, si kwa spika.

Ni mimi mdogo wako, ninayekusikia sasa kwa masikio yote mawili.