Kichwa Anachokitafuta Mjane wa Genba

Kaka yangu Ryozen,

Nakuamkia kwa heshima zote. Natumaini kifua hakikusumbui tena na baridi ya huko mlimani, na kwamba watawa wenzako wanakuachia angalau nafasi karibu na moto. Mimi ni mzima. Hapa ngomeni tunakula uji wa mtama na figili za chumvi, na mikono imepasukapasuka kwa maji, lakini sina la kulalamika.

Barua yako nimeipata. Unasema mjane wa Genba, yule aliyeiteka ngome ya baba, anakuja hapo hekaluni kila mara analia, kwamba mumewe aliuawa vitani na kichwa chake hakikuonekana, naye hawezi kumzika nusunusu. Kwa kuwa kazi yangu ni kuosha vichwa vya maadui vilivyokatwa vitani kabla bwana wetu hajavikagua, unaniuliza kama nilikiona. Unaniomba nimhurumie. Kaka, una moyo mzuri, lakini ngoja kwanza.

Unakumbuka walivyotusema baada ya ngome ya baba kuanguka. Eti baba mdogo Tadakiyo alipigana langoni mpaka akafa, na mama akatoroka na wapishi. Wewe ulinyoa kichwa ukaingia utawa kwa aibu ile. Mimi niliimeza tu.

Sasa sikia. Nafanya kazi na bibi mmoja, Otane, ambaye zamani aliwaoshea vichwa watu wa Genba. Mwaka jana alishikwa na homa, akadhani anakufa, akaniita aniambie ya moyoni. Alisema Tadakiyo alikimbia hata kabla adui hajafika. Aliyesimama langoni ni mama yetu Shigeno, na upanga wake wa mpini mrefu, akawaangusha wanaume mpaka waliobaki wakagoma kusogea. Genba akamwahidi kuwa akiweka silaha chini, wapishi na watoto wao wataachwa hai. Mama akaweka. Genba akamkata palepale.

Halafu akaona haya, maana nani atamtuza mtu kwa kuua mwanamke aliyesalimu amri? Akamwamuru Otane akinyoe utosi kile kichwa cha mama na kukifunga nywele kama za wapiganaji wanaume. Meno yake aliyoyapaka weusi, kama wafanyavyo wake za watu na mabwana wakubwa pia, yakapita kwa meno ya bwana mkubwa. Genba akasema ni kichwa cha Tadakiyo, akapewa mashamba. Otane alipona, na tangu hapo ananikwepa macho.

Kiangazi kilichopita Genba alitushambulia. Wanaume walikuwa ukutani, sisi wanawake tukapewa mlango wa nyuma. Akatokea huko peke yake, farasi wake ameuawa, akanicheka.

“Pisha, mama. Nenda kapike.”

“Mimi ni binti wa Shigeno,” nikamwambia. “Yule uliyemnyoa.”

Nilingoja mpaka nikaona ameelewa, ndipo nikamkata. Sijutii hata kidogo, kaka, na usijisumbue kuniombea kwa hilo.

Kichwa nilikiosha mwenyewe. Nikanyoa masharubu, nikampaka poda na rangi ya midomo, nikamchorea nyusi za kike, utosi nikaufunga kitambaa cha jikoni. Wenzangu waliona wakanyamaza. Bwana wetu alipokiona alikunja uso, akauliza ni nani aliyemletea kichwa cha mwanamke, akaamuru kitupwe. Watu walicheka sana. Nilicheka nao. Kilipotupwa napajua.

Na lile kaburi la Tadakiyo hapo hekaluni, ambalo Genba alilijengea jiwe ili aonekane muungwana, unalolifagia kila asubuhi na kulichomea ubani, aliyemo ni mama.

Basi mwambie mjane hivi. Jina la Tadakiyo lifutwe kwenye jiwe lile, lichongwe la Shigeno, mwanamke aliyelinda lango, wapita njia wote wasome. Siku hiyo nitamwonyesha shimo. La sivyo, na aendelee kulia, kama nilivyolia mimi.

Nisalimie watawa wote, hasa yule mzee wa jikoni aliyekutunza ulipougua. Vaa nguo nzito. Na kesho ukienda kufagia, mwamkie mama kwa jina lake.

Ni mimi mdogo wako,
Chigusa