Swichi Zangu Hakuna Aliyeziona

Kituo cha Mifugo,
Kibaha.
Juni, 1984

Mpenzi Mwanne,

Salaam nyingi. Natumaini u mzima na Dar es Salaam imekupokea vizuri. Mimi sijambo, isipokuwa mafua ya vumbi la huku, unayajua. Mama yako nilimkuta gulioni Kisarawe, ni mzima. Nilimpa shikamoo yako, akaniuliza mwanawe anasomea nini. Nilimjibu kwamba ni kompyuta, nikamuaga haraka.

Usishangae. Tangu uchaguliwe kwenda kozi, wivu umenikaa rohoni. Unajua mashine yetu inavyokula umeme: kumbukumbu yake ikinyimwa umeme hata kidogo inasahau kila kitu, nasi dizeli ya jenereta hatuna, tunategemea betri za trekta. Ni mimi niliyeungua vidole nikiunganisha swichi kwenye zile bodi nne za kumbukumbu, ili isiyo na kazi izimwe. Wewe ukaandika programu ya kukusanya habari zote za ng'ombe kwenye bodi moja kabla hatujazima nyingine. Betri iliyokuwa ikifa kabla ya adhuhuri ikawa inafika jioni.

Lakini wageni walipokuja, Ndugu Mwishehe, mkuu wetu, aliwaonyesha kioo cha mashine tu, maandishi yako yanavyojipanga. Swichi zangu zilikuwa ndani ya boksi, nani azione? Wakakusifu wewe. Na wewe, shoga yangu, ukatabasamu bila kunitaja. Hilo liliniuma kuliko yote.

Ulipoondoka niliitoa programu yako kimya kimya. Nilitaka ionekane kwamba swichi pekee zinatosha, na kwamba kazi yako ilikuwa mapambo. Siku ya chanjo wachungaji walikuwa wakija dirishani kunitajia kila ng'ombe aliyechomwa sindano, nami nikiandika moja kwa moja kwenye mashine. Tulipopumzika nikazima bodi tatu kwa madaha. Kumbe habari zilikuwa zimetapakaa kwenye bodi zote, na nilikuwa bado sijazinakili kwenye kaseti ya kuhifadhia. Hatukujua tena yupi amechanjwa na yupi bado. Mzee Pazi, mkubwa wa wachungaji, alikaa chini akashika kichwa.

Ndugu Mwishehe alidhani kosa ni la programu yako. Akasema urudishwe uje uitengeneze, na nafasi yako ya kozi apewe mwingine. Mwanne, nilinyamaza. Nilinyamaza kwa furaha, Mungu anisamehe, maana huyo mwingine angekuwa mimi. Nguo za safari nilishaanza kufua.

Kisha nikamsikia Mzee Pazi akikulaani mbele ya watu, wewe uliyekuwa ukimpelekea dawa ya macho. Nikashindwa. Jana asubuhi nilimwambia Ndugu Mwishehe ukweli wote. Alifoka hadi wapishi wakatoka jikoni kusikiliza. Nimeondolewa chumba cha mashine, sasa nasimamia josho la ng'ombe. Kozi yako haitaguswa.

Naomba usinijibu kwa maneno matamu, nitakuchukia zaidi. Soma. Na ukirudi na cheti, usinionyeshe siku ya kwanza. Ngoja mpaka nikuombe mwenyewe.

Wasalimie wenzako wa hosteli. Wa huku wote wanakusalimu, na Mzee Pazi anakuomba radhi.

Ni mimi, rafiki yako mwenye kijicho,

Laurentia