Lijoka nililiruka, mama nikamwacha arudi

Jumatatu, Kashuga. Ukungu umekalia vilima tangu asubuhi, na mvua haijui kama inyeshe ao iache. Nimekasirika. Niandike hivyo kwanza, maana kutwa nzima nimekuwa nikijibu "niko muzuri" kwa kila aliyeniuliza.

Nimeikasirikia komite ya wazazi. Nimemkasirikia directeur, mkuu wa shule yetu. Nimekasirikia filme ya watoto. Na mimi mwenyewe nimo, ila hapo nitafika polepole.

Ninafundisha mwaka wa pili katika shule ambayo nusu ya watoto wake ni wa kijiji, na nusu wanatoka kwenye kambi ya waliokimbia vita, nyuma kidogo ya uwanja wetu. Jumamosi tunaziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, tunatundika shuka jeupe ukutani, directeur analeta projekta na batri, watoto wanaangalia filme. Zote ni za Kifaransa, na Kifaransa chao bado ni cha "bonjour madame". Kwa hiyo ninasimama kando ya shuka na kutafsiri. Ninakuwa simba, ninakuwa mfalme, ninakuwa bibi kizee asiye na meno. Naipenda kazi hiyo kuliko kufundisha hesabu.

Mimi pia ndiye ninayeamua filme gani inafaa. Sikuchaguliwa. Siku ile directeur alipouliza nani atakuwa anaziangalia kwanza, wenzangu wote walitazama viatu vyao, nami nikasema haya. Tangu hapo kuamua ni kwangu, kulalamika ni kwa wote.

Ijumaa directeur aliniletea nyingine kwenye flashi. Niliiangalia peke yangu ofisini mwake baada ya masomo. Ni hadithi ya katoto ka kike katika nchi ya mawingu. Lijoka la moto linakuja, linaunguza kijiji, linamgeuza mama yake kuwa korongo, na korongo anaruka, anapotea. Mtoto anapanda mgongo wa samaki anayeogelea hewani, anasafiri mpaka kwenye mto, anaingia majini na kuliita jina la mama yake. Korongo anasikia. Anashuka, manyoya yanamdondoka moja moja, na mama ni yule yule, na kitambaa chake kichwani. Wanarudi nyumbani.

Ni filme nzuri. Hata leo, na hasira zangu zote, siwezi kusema ni mbaya.

Kilichonisumbua ni kile kijiji kinachoungua. Watu wanakimbia na mikeka kichwani, mbuzi analia ndani ya moshi. Nilisimamisha picha hapo nikakaa nikiitazama. Watoto wengi wa darasa langu wameyaona hayo bila shuka wala projekta. Nikaamua: hapo nitaruka. Nitabonyeza, tutatokea upande wa pili, mtoto akiwa tayari yuko safarini, na la korongo nitalieleza kwa mdomo.

Kabla sijazima mashine, Papa Safari alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Yeye ni president wa komite ya wazazi, na habari humfikia kabla hazijatokea.

"Madame Riziki, nasikia kuko nyoka yenye inasema."

"Iko lijoka, Papa. Ya katuni."

"Nyoka yenye inasema, sisi Wakristo tunaijua. Na mama anageuka ndege? Ile iko bulozi, uchawi. Batoto bataanza kuota usiku."

Nilimjibu kwamba watoto wanajua mchezo ni mchezo, kwamba wanapocheza mama na baba hakuna anayekula ule udongo kweli. Aliondoka akitikisa kichwa. Nami nikajiona nimeshinda. Ijumaa ile nilikuwa na akili sana.

Jumamosi darasa lilijaa mpaka wengine wakakaa chini, magoti kidevuni. Nilipobonyeza kuruka moto, kelele zilipasua bati.

"Madame, umeruka! Turudishe!"

Nikasema mashine imekwama. Basi wakajazia wenyewe. Msichana mmoja wa mbele aliwaeleza wenzake kilichotokea: lijoka lilichoma manyumba, watu wakakimbilia pori, mbuzi wakabaki, na bibi mmoja alibaki pia kwa sababu ya miguu yake. Bibi huyo hayumo katika filme. Mwingine akamsahihisha, kwamba moto huanzia kwenye majani ya paa. Walisema bila haraka, kama watu wanaoelekezana njia ya kisima. Nilisimama pale na kibonyezo changu nikijiona mjinga.

Ningejua, ningeacha waone moto wote.

Kisha tukafika mwisho. Samaki anamwambia mtoto: muite kwa roho yako yote, atasikia. Maneno hayo niliyatafsiri vizuri. Nilishusha sauti, nikangoja kidogo, nikayasema tena. Darasa zima likaita pamoja na yule mtoto. Korongo aliposhuka walipiga makofi, na mimi nilijifuta macho gizani.

Sifa hakupiga makofi.

Sifa ni mwanafunzi wangu. Anaishi kambini na mama yake mdogo, Mama Zawadi. Walikimbia kutoka Kibua, upande wa Walikale. Mama yake mzazi, tulivyoambiwa sote, yuko Mubi anauza mawese, atakuja njia ikifunguka. Nilimwona Sifa ameinamia mbele, midomo inasogea bila sauti. Nikajiambia: huyu imemgusa. Nikafurahi.

Jumapili Mama Zawadi alinikuta nje ya kanisa, pumzi hana.

"Madame, Sifa iko kwako?"

Hakuwa kwangu. Hakuwa kwa majirani, hakuwa kisimani. Alikuwa ametoka kabla ya uji, bila kuaga. Barabara yetu si barabara ya mtoto kutembea peke yake, na hakuna aliyehitaji kulisema hilo. Wanaume waligawana njia. Mimi nilikuwa bado nauliza mlango kwa mlango nilipokutana na mama mmoja anayeteremka na maziwa kutoka juu kwenye ng'ombe, dumu la bidoni mgongoni.

"Kule chini ya daraja kuko mutoto anaita muntu," alisema. "Nilizania anaita mwenzake. Lakini hakuna mwenye anaitika."

Nilikimbia. Miguu ilijua kabla ya kichwa.

Mvua za juzi zilikuwa zimejaza mto, maji rangi ya udongo. Sifa alikuwa amesimama juu ya jiwe, maji yakimpita magotini. Kandambili zake alizipanga vizuri kwenye majani ya ukingo. Alikuwa anaita, "Vumilia! Mama Vumilia wa Kibua!" na sauti ilikuwa imekauka, imebaki hewa. Nilipomwita aligeuka. Hakuwa na uso wa mtoto aliyekamatwa. Ulikuwa uso anaouleta kwenye meza yangu hesabu ikimshinda.

"Madame, niliita na roho yote. Ule samaki alisema namna gani? Kuko kitu nimesahau?"

Nilisema tu: usisogee, mama, usisogee.

Papa Safari alifika nyuma yangu na watu wengine. "Nilikuambia," alisema. Alisema kweli, kwani alikuwa ameniambia, ingawa jambo lingine kabisa. Kisha akaingia majini na viatu vyake vya kanisani na suruali ya suti, akambeba Sifa begani, akapanda naye bila kunitazama.

Mama Zawadi alinigeukia mimi.

"Weye na mafilme yako! Nani alikutuma umuambie mama yake atatoka mu maji?"

"Mama, mimi nilijua iko Mubi. Nilijua atakuja na gari, kama bantu bote."

Mama Zawadi akakaa kwenye majani yenye maji, na alipoanza tena sauti ilikuwa ndogo, ili Sifa asisikie.

"Haiko Mubi. Njo mimi mwenyewe nilimuzika kule Kibua. Homa ilimuchukua mbele, tukiwa bado hatujakimbia. Mutoto alikuwa kwa shangazi yake siku ile. Mu njia alikuwa analia, anasema turudie tumungoje. Sikuwa na nguvu ya kumubeba na kumubembeleza. Nikasema alitangulia Mubi. Kisha ile neno ikanishinda kurudisha."

Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka pia kumshika mkono. Sikufanya lolote kati ya hayo.

"Umuambie leo, Mama. Kama haiko leo, kesho atarudi hapa."

"Umuambie weye. Weye njo unajua kusema."

"Hapana. Mimi nimesema ya kutosha."

Alimwambia mchana, ndani ya hema lao, nguo za Sifa zikikauka juu ya meko. Nilibaki kwa sababu Sifa alishika sketi yangu. Mama Zawadi alisema kwa maneno machache, bila kupamba: mama yako aliugua, akafa, tulimzika. Sifa hakulia. Aliuliza tu:

"Mulimufunika na nini?"

"Na kitenge yake ya manjano."

"Ile alikuwa anavaaka ku kanisa?"

"Njo ile."

Hapo ndipo alipolia, na mama yake mdogo akalia naye, na mimi nikajinasua taratibu, nikatoka.

Leo tumekaa kikao cha filme. Papa Safari hataki tena mnyama yeyote anayesema. Directeur anapendekeza filme za kunawa mikono peke yake. Mwenzangu wa mwaka wa tano aliuliza kama sala kabla ya filme isingetosha. Tulizunguka hapo hapo, lijoka, lijoka, lijoka, mpaka nikasimama.

"Lijoka halikumufanya mutoto yeyote kitu. Ni mama alimurudia mutoto wake. Hapo njo paliumiza."

Walinitazama kama nimeongea lugha ya mbali.

"Lakini madame," alisema directeur kwa upole wake wote, "mama kurudia, ile njo sehemu nzuri."

Ndiyo, papa directeur. Ndiyo.

Ninachoshindwa kumeza ni kwamba mimi pia niliipima vile vile. Niliketi ofisini nikiwinda moto na damu, vitu wanavyoogopa wakubwa, na mlango wa raha nikauacha wazi kabisa. Na si kuuacha tu. Niliupigia chapuo kwa sauti yangu nzuri. Papa Safari aliogopa nyoka, mimi niliogopa moshi, na wote wawili hatukuuliza hata mara moja watoto hawa wanamngoja nani. Nani atatufundisha kupima kitu kama hicho? Filme ile haina kosa. Mtoto ambaye mama yake yuko jikoni ataiangalia, atapiga makofi, ataenda kula.

Sikutegemea Sifa aje shuleni leo. Alikuja, macho yamevimba. Wakati wa mapumziko wenzake walikuwa wanaruka kamba, yeye akaja kusimama kando ya meza yangu.

"Madame, ile filme iko bongo? Ilitudanganya?"

"Iko hadithi, Sifa."

"Hadithi iko bongo?"

Nikasema mwenye kuitunga alikuwa anatamani iwe vile.

"Ata mimi natamani," alisema. Kisha, bila kubadilisha uso: "Basi siku ingine uambie batoto iko hadithi tu, mbele filme ianze. Kuko Bahati. Baba yake pia hakurudi. Asiende mu maji."

Akakimbilia kamba.

Sijui kama Jumamosi tutaonyesha chochote. Papa Safari bado "anafikiri". Tukiruhusiwa, nitasema neno kabla ya kuziba madirisha. Nimejaribu kuliandika hapa na kulifuta, maana kila nikiliandika linakuwa hotuba ya mazishi, na wako watoto waliokuja kucheka tu. Bado sijalipata.

Lakini hilo ni la Jumamosi. Kesho asubuhi, kabla ya masomo, nitapita kwao Bahati. Nataka kujua wamemwambia baba yake yuko wapi.