Ngozi ya Kamanda Haipakwi Samli

Isingiro, Kyerwa,
Kagera.
26 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Yustus,

Shikamoo yako nimeiitikia kabla hujaitoa: marahaba. Hujambo huko Lindi? Wifi yangu Prudensia hajambo? Na mwanenu Winston, kile kikohozi kimekwisha au bado kinamsumbua? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na kulala vizuri, ila macho yanazidi kufifia. Siku hizi ananitambua kwa hatua zangu. Kahawa imeiva vizuri na tumeshaanza kuchuma upande wa bondeni.

Salamu zimeisha. Nina hasira na wewe, Yustus. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu kila nikifika penye ukweli unasema, "Dada, mtandao unakata." Barua hii anakuletea Fidele, yule fundi mwashi wa Kibingo aliyepata kazi huko kwenu. Nimemwagiza akae mbele yako mpaka uimalize, na umpe chai wakati anasubiri.

Jambo lenyewe ni mbwa wako Kamanda. Nilikueleza jinsi Jumatatu ya Pasaka bodaboda iliyotoka Murongo na mizigo ilivyomgonga pale njia panda ikamvunja mguu wa nyuma, wala dereva hakugeuza shingo. Joyness, binti mtaalamu wa mifugo wa hapa kwetu, alimfunga vibao na bandeji, akasema wiki sita. Kwa wiki hizo sita nilimbeba mbwa mzima kumpeleka nje kujisaidia, na kaka yetu Deodatus akawa anapita akiniuliza lini nitamnunulia nepi.

Tarehe tatu mwezi huu Joyness alikuja kufungua. Usingeutambua mguu ule. Ulikuwa umekonda nusu ya mwenzake, manyoya yamenyonyoka, ngozi imebabuka na kutoa magamba, na harufu yake hata sitaki kuisimulia. Nilidhani umeoza, nikaanza kulia palepale uani. Joyness akanituliza. Akasema ngozi iliyokosa hewa ndivyo inavyokuwa, na misuli isiyofanya kazi hulegea, itarudi taratibu. Akanielekeza nimsafishe kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na kitambaa safi, nipanguse bila kusugua, nikaushe mpaka katikati ya vidole. Nisipake mafuta ya aina yoyote, nisimwache ajilambe. Atembee akiwa kwenye kamba, dakika tano asubuhi, tano mchana, tano jioni, na kukimbiza tumbili ni marufuku. Maelekezo ndiyo hayo tu, hata mtoto wa chekechea angeyashika.

Baba mdogo Cassian hakuyashika. Siku ya tatu nilikwenda kwenye sala ya jumuiya, na niliporudi nilimkuta ameketi uani, Kamanda amebanwa katikati ya magoti yake, bakuli la samli ya moto pembeni. Deodatus ndiye aliyekuwa ameushika mdomo wa mbwa. Unajua baba mdogo anavyounga mifupa ya watu. Kuna waliotoka Karagwe kote wakaja kwake kwa machela wakaondoka kwa miguu, na mimi sibishani na mikono yake. Lakini alikuwa anamkanda mbwa kama anavyomkanda mtu aliyeanguka kwenye mparachichi, yaani mpaka mtu amwite marehemu bibi yake! Kisha akaupaka mguu wote samli, kuanzia pajani hadi kwenye kucha.

Nilipopiga kelele akanijibu kwa upole wake ule unaoudhi: "Avelina, ngozi kavu ni samli. Hata wewe ulipozaliwa tulikupaka."

Ni kweli nilipakwa. Lakini mimi sikuwa na ulimi wa kufika mguuni. Ni mbwa gani hapa duniani atapakwa samli akaiacha? Kamanda alijilamba mchana kutwa, na samli ilipokwisha akaendelea na ngozi yenyewe. Kesho yake palikuwa na kidonda kibichi cha upana wa kiganja, kinatoa maji, na goti limevimba na kuwa la moto. Siku tatu za kazi yangu zilipotea kwa bakuli moja. Nilimwambia baba mdogo mbele ya watu kwamba kutibu wanyama awaachie wenye elimu hiyo. Najua sikuwa na adabu. Sasa hanisalimii, na Deodatus anatangaza kila kona kwamba nimemtukana ndugu wa baba kwa ajili ya mbwa.

Basi nikaanza upya. Nilichukua ndoo kuukuu ya rangi, nikaitoboa kitako na kulainisha kingo kwa kitambaa, nikamvalisha shingoni ili asiufikie mguu. Wapita njia walicheka mpaka wakachoka. Majani tunayotandika jikoni anapolala nayo niliyaondoa, maana yanashika unyevu na kumchomachoma pale penye kidonda. Nikafua magunia mawili ya kahawa, nikayaanika, nikamtandikia. Hapo ndipo Deodatus alipowaka kweli. Eti kahawa ya wazazi wake itanuka mbwa! Magunia yenyewe panya walishayala tangu mwaka juzi, na hakuna aliyewahi kuwakasirikia panya.

Sasa nakuja kwako. Jumapili ya tarehe kumi na tano, baada ya misa, Deodatus alisimama uani akasema mbwa mwenye miguu mitatu halindi kitu, anakula bure, na asipokanyaga kwa miguu minne ifikapo Saba Saba atamwita mtu amwekee sumu. Nikamwambia mbwa si wake, ni wa Yustus. Akatoa simu, akakupigia, akaweka sauti ya nje ili wote tusikie. Akakuuliza. Nawe ukajibu, "Sawa kaka, amueni tu huko."

Amueni tu huko! Hukuuliza anaendeleaje. Hukuuliza dada anasemaje. Ulikuwa unakula, nilisikia kijiko. Mbwa huyu ulimleta mwenyewe akiwa mdogo wa kutosha ndani ya kofia yako, ukamwambia Mama, "Nakuachia mlinzi." Leo umemhukumu kwa pumzi moja kati ya tonge na tonge.

Mama alikuwa ameketi mlangoni anapukuchua maharage. Masikio yake nayo si yale ya zamani, akaniuliza Yustus amesema nini. Nikamwambia umesema pole, na kwamba unamwombea Kamanda. Nilimdanganya mama yangu, siku ya Jumapili, ili asijue mtoto wake wa mwisho amesema nini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko samli, na bado linaniuma ninapoandika.

Labda kwa kuwa uko mbali hujui Kamanda ni nani hapa nyumbani. Mimi nikishuka kibanjani kwenye migomba asubuhi, Mama anabaki peke yake. Kamanda analala miguuni pake. Mgeni akija ana mbweko wake, tumbili wakiingia kwenye mahindi ana mwingine, na mimi nikirudi habweki, ananguruma kidogo tu kwa furaha. Mama anaujua kila mbweko. Anajua aamke ajitande khanga amkaribishe mtu, au apige debe kuwafukuza tumbili. Ukimtoa mbwa huyu, Mama anabaki gizani kweli, na mimi siwezi tena kwenda shamba na moyo mmoja. Tena nampenda. Wacheke watakavyo, nampenda.

Siku ishirini sasa namsafisha mara mbili kwa siku. Kidonda kimefunga, manyoya mafupi yameanza kutoka kama ndevu za kijana, na goti limepoa. Juzi asubuhi nilikuwa nimeshika kamba, tunatembea taratibu kati ya migomba, akasimama. Akaushusha ule mguu. Kwanza kucha, halafu unyayo wote. Akapiga hatua nne, nilizihesabu, kisha akaukunja tena. Nilikaa chini palepale kwenye umande nikalia, na safari hii hakukuwa na mtu wa kunituliza.

Nikakimbia kumweleza Deodatus. Akaja, akatazama, akasema kuchechemea si kutembea na Saba Saba iko palepale. Nikamuuliza mbona yeye mwenyewe alichechemea mwaka mzima alipoanguka na pikipiki, wala hatukumwekea kitu kwenye ndizi zake.

Jana Joyness alikuwa ofisi ya kata anachanja mbwa kinga ya kichaa. Nikampakia Kamanda kwenye toroli, ndoo yake shingoni, tukaenda. Baada ya sindano Joyness alichukua kadi, akauliza mwenye mbwa ni nani aandike. Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nilikukumbuka wewe na kijiko chako. Nikamwambia aandike Avelina. Akaandika kwa wino, akagonga mhuri.

Kadi hiyo nimemwonyesha Deodatus. Aliisoma mara mbili akanirudishia. Kwa hiyo, mdogo wangu, ile "sawa" uliyompa haina mbwa.

Msalimie sana Prudensia, mwambie mbegu za maboga alizoomba nimempa Fidele. Mbusu Winston. Mama anakusalimu na kukubariki, nami sikumzuia. Mungu awalinde huko mliko, awape kazi njema na afya, na wewe akupe pia subira ya kuuliza kabla ya kujibu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo nikiwa na hasira,

Avelina